Propela, Rafadha na Nyuzi: Istilahi za Gereji na Kazi ya Kufunga Shafti Nyepesi katika Gari Lililoshushwa



1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za Kiswahili una umri mrefu. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Baraza la Kiswahili la Taifa, yaani BAKITA, likaundwa mwaka 1967. Na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikachapisha Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Katika kipindi chote hicho swali lililotawala ni lile la asili: je, neno jipya litolewe katika lahaja za Kiswahili, katika lugha nyingine za Kibantu, katika Kiarabu, au litoholewe kutoka Kiingereza? Swali hilo lina uzito wake, na wataalamu wamelijibu kwa namna mbalimbali.

Mhadhara huu unashughulikia swali la pili, ambalo limepewa nafasi ndogo zaidi: istilahi ikishapatikana, ipimwe kwa kitu gani? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba istilahi ya ufundi hupimwa kazini, na kipimo chake ni uwezo wa kutenganisha vitu ambavyo visipotenganishwa kazi huharibika au mtu huumia. Neno linaweza kuwa na asili safi likashindwa mtihani huo, na jingine likawa limeokotwa gerejini likaushinda.

Ili hoja hiyo isibaki hewani, imechaguliwa kazi moja tu ya kufundishia: kufunga shafti nyepesi, isiyotoka kwa mtengenezaji wa gari, katika gari ambalo limeshushwa ili lilale karibu na barabara. Kazi hii imechaguliwa kwa sababu ni ndogo kiasi cha kuelezeka kwa saa moja, ina vipimo visivyokubali utata, na maelekezo yake mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza cha Marekani kisha husomwa, au hufasiriwa kwa mdomo, na fundi ambaye lugha yake ya kazi ni Kiswahili.

2.0 Kifaa na majina yake

Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, nguvu ya injini hupita kwenye klachi na giaboksi, kisha husafirishwa na chuma kirefu cha mviringo kinachozunguka chini ya sakafu hadi kwenye difu. Difu huigeuza nguvu hiyo na kuigawa kwa magurudumu mawili. Chuma hicho kirefu mafundi wa Afrika Mashariki hukiita propela, au kwa ukamilifu propela shafti. Katika ncha zake kuna viungo vinavyoiruhusu izunguke huku imekunjika kidogo. Kiungo cha kawaida kina kipande chenye umbo la msalaba, nacho huitwa krosi.

Katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele hakuna propela. Kuna shafti mbili fupi zinazotoka ubavuni mwa giaboksi, moja kwa kila gurudumu, nazo huitwa draivushafti. Shafti fupi za namna hiyo zipo pia nyuma ya magari mengi yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, pale ambapo difu imefungwa kwenye bodi na kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake.

Hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Kwa Mwingereza, neno "driveshaft" kwa kawaida ni shafti fupi ya ubavuni, na ile ndefu ina jina lake, ambalo ndilo asili ya propela ya Kiswahili. Kwa Mmarekani, neno hilohilo ndilo jina la kawaida la shafti ndefu. Kiswahili cha gereji kilirithi mgawanyo wa Waingereza na kikaushika: propela ni ile ndefu, draivushafti ni zile fupi. Kwa hiyo fundi wa Nairobi au Dar es Salaam anayesoma karatasi iliyoandikwa Marekani hukutana na neno ambalo gerejini kwake limeshachukuliwa na kitu kingine.

Kamusi haziwezi kumsaidia sana mtu huyo. Akitafuta neno la Kiswahili la propela atakutana na rafadha, ambalo ni neno zuri na la zamani la watu wa baharini. Ni kile chombo chenye mapanga kinachozunguka majini na kuisukuma meli. Mfasiri mwenye bidii anaweza kulitwaa na kuandika "rafadha ya gari". Msomaji wake ataona mapanga, na chini ya gari hakuna mapanga. Akitafuta neno la shafti atakutana na mhimili au mtaimbo. Mhimili ni kitu kinachobeba, kama boriti inayobeba dari, ilhali propela haibebi uzito wowote wa gari. Mtaimbo ni chuma kizima cha kuvunjia mawe au kung'olea, wakati propela ni bomba lenye uwazi ndani, na uwazi huo ndio unaoipa wepesi pamoja na uimara.

Kila moja kati ya maneno hayo matatu ni Kiswahili fasaha, na kila moja linampotosha msomaji kuhusu umbo au kazi ya kifaa. Propela, ambalo asili yake ni kosa la kukata neno la Kiingereza katikati, halimpotoshi fundi yeyote. Historia ya msamiati wa magari inathibitisha kwamba hali hii si ngeni. Gari lenyewe ni neno kutoka Kihindi, parafujo limetoka Kireno, usukani ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa gari, na breki, gia na klachi ni za Kiingereza. Hakuna dereva anayeona usukani akafikiria tanga, kwa sababu kazi ilikwisha kuuweka mahali pake. Rafadha haikupata bahati hiyo, kwa kuwa bado ina kazi yake baharini.

3.0 Mfano wa magari mawili

Madhara ya kuchanganya propela na draivushafti yanaonekana wazi magari mawili yanapowekwa bega kwa bega.

Gari la kwanza ni Ford Mustang ya miaka ya 2005 hadi 2014. Gari hili la Marekani lina ekseli nzima nyuma: difu na magurudumu yote mawili ni kitu kimoja kinachopanda na kushuka pamoja. Ekseli hiyo imeshikiliwa na mikono miwili chini na mmoja juu, pamoja na fimbo ya kuzuia isisogee kushoto wala kulia. Propela yake ya kiwandani ni ya chuma, ina vipande viwili, na katikati imeshikwa na beringi iliyofungwa kwenye sakafu. Wapenzi wa gari hili huondoa propela hiyo na kufunga ya kipande kimoja ya alumini, ambayo uzito wake ni takriban nusu ya ile ya kwanza. Wengine hutumia bomba la nyuzi za kaboni. Aidha, wengi wao huwa wamekwisha kufunga springi fupi ili gari liwe chini.

Gari linaposhushwa, bodi na giaboksi husogea karibu na barabara, lakini ekseli haisogei, kwa kuwa imebebwa na magurudumu. Tuseme gari limeshuka kwa milimita 40, na propela ina urefu wa milimita 1400. Mwinamo wa propela hubadilika kwa takriban nyuzi 1.6. Kama ekseli ingebaki kama ilivyokuwa, viungo vya mbele na nyuma vingebadilika kwa kiasi kilekile na hapangekuwa na shida kubwa. Lakini ekseli imefungwa kwenye mikono yenye urefu na miinamo tofauti. Bodi ikishuka, mikono hiyo huizungusha ekseli kidogo, na pua ya difu huelekea juu au chini kuliko ilivyokusudiwa. Hivyo basi pembe ya mbele na pembe ya nyuma huacha kulingana.

Kulingana kwa pembe hizo ndiyo siri ya krosi. Krosi iliyokunjika haipitishi mwendo kwa usawa. Hata upande wa kuingia ukizunguka kwa mwendo mmoja, upande wa kutoka huenda mbio kidogo, kisha polepole kidogo, mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya pili, ikikunjika kwa pembe ileile na ikiwa imepangwa sawasawa na ya kwanza, huyafuta mabadiliko hayo. Pembe zisipolingana, mabaki hubaki na gari hutetemeka. Kwa propela inayozunguka mara 3000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde, mtetemo huo huja mara 100 kwa sekunde. Dawa yake katika Mustang ni mkono wa juu unaoweza kurefushwa au kufupishwa, ili pua ya difu irudishwe mahali pake.

Gari la pili ni Toyota Altezza, iliyotengenezwa Japani kuanzia mwaka 1998 hadi 2005 na ambayo imeingia kwa wingi Afrika Mashariki ikiwa imetumika. Nayo husukumwa na magurudumu ya nyuma, na vijana wengi hupenda kuishusha. Lakini difu yake imefungwa kwenye fremu ya chini ya bodi, na kila gurudumu la nyuma hupanda na kushuka peke yake. Gari hili likishushwa, giaboksi na difu hushuka pamoja. Pembe za propela hubaki karibu kama zilivyokuwa. Zinazobadilika ni pembe za draivushafti mbili za ubavuni, zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye magurudumu.

Sasa achukuliwe fundi aliye na Altezza mbele yake na karatasi ya Mustang mkononi. Karatasi inasema kwamba gari likishushwa lazima pembe za "driveshaft" zipimwe na kurekebishwa. Akielewa kuwa ni propela, atahangaika na kitu ambacho hakijabadilika. Aliye na Mustang, akielewa kuwa ni draivushafti, atatafuta shafti za ubavuni ambazo katika ekseli nzima zimefichwa ndani ya bomba na hazina pembe ya kurekebisha. Wote wawili wanajua kazi yao, na wote wamepotezwa na neno moja lililofasiriwa bila kutazama kitu. Katika jambo hili Kiswahili cha gereji kina utenganisho ulio bora kuliko wa karatasi inayofasiriwa, na mfasiri asiyeujua huuvunja.

4.0 Pale gereji inaposhindwa

Isidhaniwe kuwa mhadhara huu unaitawaza gereji kuwa baraza la lugha. Ipo sehemu ambayo Kiswahili cha gereji chenyewe hushindwa, nayo ni sehemu ya vipimo na vitendo. Mifano mitatu inatosha.

Mfano wa kwanza ni kitenzi kushusha. Gerejini, kushusha injini au kushusha propela ni kuifungua na kuitoa garini. Kushusha gari kwenye jeki ni kulirudisha chini likae kwa magurudumu yake. Kushusha gari, pasipo maelezo zaidi, ni kulifanya liwe karibu na barabara kwa kubadili springi. Bandarini, gari limeshushwa lilipotolewa melini. Sasa sentensi hii isomwe polepole: "Pima pembe za propela baada ya kushusha." Baada ya kushusha nini? Kipimo kinachofaa ni kile kinachochukuliwa gari likiwa limekaa kwa uzito wake wote juu ya magurudumu, kwa sababu ekseli inayoning'inia kwenye hewa, gari likiwa kwenye jeki, huwa mahali tofauti kabisa na itakapokuwa barabarani. Mwanafunzi anayeielewa sentensi hiyo kwa maana ya kutoa propela atapima kitu ambacho hakipo.

Mfano wa pili ni neno nyuzi. Bomba jepesi limetengenezwa kwa nyuzi za kaboni. Pembe hupimwa kwa nyuzi. Na mfasiri anayefuata Kiingereza neno kwa neno huweza kuita nyuzi hata ile mistari ya kuzungukia iliyochongwa kwenye bolti. Katika ukurasa mmoja wa maelekezo mambo hayo matatu hukutana. Kwa bahati njema Kiswahili kina neno hesi kwa ajili ya mistari ya bolti na parafujo, ambalo limo kwenye kamusi na halitumiki inavyostahili. Kwa pembe lipo neno digrii, ambalo wanafunzi wanalijua kutoka shuleni. Hivyo basi katika maandishi ya ufundi inafaa nyuzi ziachiwe kaboni, hesi ziachiwe bolti na digrii ziachiwe pembe. Hakuna neno hata moja lililoundwa upya hapo. Kilichofanyika ni kugawa kazi kwa maneno yaliyopo.

Mfano wa tatu ni neno pembe lenyewe. Propela ina mwinamo wake ukilinganishwa na ardhi, giaboksi ina wake, na pua ya difu ina wake. Pembe ya krosi ni tofauti kati ya miinamo miwili inayokutana hapo. Kama giaboksi imeinama digrii 3 na propela imeinama digrii 1 kuelekea upande uleule, pembe ya krosi ya mbele ni digrii 2. Gerejini yote hayo huitwa pembe, na mzungumzaji hutumia kidole kuonyesha ni ipi. Kidole hakiandikiki. Katika maandishi inafaa mwinamo uwe wa kitu kimoja kikilinganishwa na ardhi, na pembe iwe ya kiungo, baina ya vitu viwili. Neno mwinamo linatokana na kitenzi inama na kila msemaji hulielewa bila kufundishwa.

Kutokana na mifano hiyo mitatu kanuni inajitokeza. Majina ya vifaa huwa thabiti gerejini kwa sababu kifaa hushikwa, huagizwa dukani na hulipiwa. Mnunuzi wa krosi katika Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, akirudi na beringi, hasara ni yake, na kwa hiyo jina hunyooka upesi. Vipimo na uhusiano baina ya vitu havinunuliwi dukani. Majina yake hubaki legelege mpaka atokee mtu wa kuyaandika, na hapo ndipo penye kazi ya mwanaisimu.

5.0 Utajiri wa vitenzi vya sauti

Kuna eneo jingine ambamo Kiswahili cha gereji kimejitosheleza, nalo halijapewa nafasi ya kutosha katika kamusi za istilahi, ambazo aghalabu hukusanya nomino na kuviacha vitenzi. Eneo hilo ni la kutambua ubovu kwa sauti na mtikisiko.

Fundi husema propela inagonga, inavuma, inalia au inatetemeka. Mtu wa nje huweza kudhani kuwa haya ni maneno manne ya jambo moja. Sivyo. Kugonga ni sauti moja moja inayosikika gia inapoingizwa, au dereva anapotoka kwenye gia ya kurudi nyuma kwenda mbele. Huashiria krosi iliyoliwa au difu iliyolegea. Kuvuma ni sauti nzito isiyokatika, na beringi ya katikati ndiyo hushukiwa kwanza. Kulia ni sauti nyembamba, mara nyingi ya meno ya difu, na hapa kuna jambo la kuzingatiwa na anayefunga shafti nyepesi: bomba la kipande kimoja la alumini huweza kuipeleka sauti ya difu ndani ya gari kuliko propela ya vipande viwili ilivyokuwa ikifanya, hata kama difu ni nzima. Kutetemeka hakusikiki kwa sikio bali huhisiwa kitini na kwenye usukani.

Kutetemeka nako kuna aina mbili, na tofauti yake ni ya lazima. Mtetemo unaokua kadiri mwendo wa gari unavyoongezeka, usiojali gari liko gia gani, hutokana na uzito wa propela kutosawazishwa. Mtetemo unaobadilika dereva anapokanyaga au kuachia mafuta, mwendo ukiwa uleule, hutokana na pembe zisizolingana. Anayechanganya aina hizi mbili atapeleka propela nzima kusawazishwa tena na tena, akilipa kila mara, na ugonjwa ukabaki palepale. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kabla ya kuziba sharti ijulikane ufa uko ukuta upi.

Ubora wa vitenzi hivi ni kwamba vinanyambulika. Kutokana na tetema hupatikana mtetemo. Kutokana na vuma, mvumo. Kutokana na gonga, mgongo haufai kwa sababu umekwisha kuwa sehemu ya mwili, lakini mgongano na kugonga vinatosha. Nomino hizi za kisayansi zinaota kutoka katika vitenzi vya gereji bila kuazima kitu.

6.0 Jaribio la maandishi

Hoja isiyojaribiwa ni nusu ya hoja. Yafuatayo ni maelekezo mafupi ya kufunga propela nyepesi ya kipande kimoja katika gari lenye ekseli nzima lililokwisha kushushwa, yakifuata ugawaji wa maneno uliopendekezwa. Msikilizaji na ayapime kwa swali moja: je, kuna mahali ambapo mwanafunzi wa ufundi atalazimika kukisia?

(a) Kabla ya kufungua chochote, gari likiwa limekaa kwa magurudumu yake juu ya sakafu tambarare, pima mwinamo wa giaboksi, mwinamo wa propela na mwinamo wa pua ya difu. Andika namba zote kwa digrii.

(b) Gari likishainuliwa na kuwekwa juu ya stendi imara, tia alama ya rangi mahali propela ya zamani inapokutana na flanji ya difu. Gari lisishikiliwe na jeki peke yake, kwa kuwa mtu atalala chini yake.

(c) Toa propela ya zamani pamoja na beringi ya katikati. Ilinganishe na mpya kwa urefu. Sehemu inayoteleza, pale ilipo, lazima ibaki na nafasi ya kuingia ndani zaidi, ili ekseli ikipanda kwenye tuta propela isigonge giaboksi.

(d) Funga propela mpya kwa bolti mpya. Safisha hesi, kisha kaza bolti kwa spana ya kipimo kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji.

(e) Izungushe propela kwa mkono. Bomba la alumini kwa kawaida ni nene kuliko la chuma, na katika gari lililoshushwa ekseli iko karibu zaidi na sakafu. Hakikisha bomba haligusi sakafu, bomba la moshi wala nyaya za breki ya mkono.

(f) Rudisha gari likae kwa magurudumu yake. Pima miinamo upya, kisha kokotoa pembe ya krosi ya mbele na ya nyuma. Rekebisha mkono wa juu wa ekseli mpaka pembe zikaribiane, zikiwa ndogo lakini zisiwe sifuri, kwa sababu krosi isiyokunjika hata kidogo huliwa mahali pamoja.

Maelekezo hayo yana maneno ya kutoholewa, yana maneno ya kale ya Kiswahili na yana maneno ya darasani, na hayagombani. Kitenzi kushusha kimetumika kwa maana moja tu. Neno nyuzi halikuhitajika kabisa.

Limebaki neno moja ambalo gereji nyingi za kawaida hazina haja nalo. Katika mashindano ya mbio fupi nchini Marekani, magari yenye kasi hulazimika kuwa na chuma kinachoizunguka propela karibu na ncha ya mbele. Krosi ya mbele ikivunjika, chuma hicho huizuia propela isianguke na kuchimba barabara, au isipasue sakafu na kumfikia dereva. Hatari hiyo si ya kufikirika. Gari lenye tairi la mzingo wa mita 2.1 na difu ya uwiano wa 3.55, likienda kilometa 120 kwa saa, propela yake huzunguka karibu mara 3400 kwa dakika. Chuma hicho kiitweje? Kitanzi hakifai, kwa sababu kitanzi hukaza kinachonaswa, na kifaa hiki hakitakiwi kugusa propela nzima hata siku moja. Pete hubana kidole. Bangili huuzunguka mkono kwa nafasi bila kuubana, na kwa hiyo inapendekezwa hapa bangili ya propela. Pendekezo hilo lipelekwe kwa mafundi; wakilikataa, neno lao ndilo lishikwe.

7.0 Hitimisho

Kwa muhtasari, mhadhara umeonyesha mambo matatu. Kwanza, majina ya vifaa ambayo kazi imekwisha kuyatenganisha, kama propela na draivushafti, yaingizwe katika kamusi yalivyo, na rafadha ibaki baharini. Pili, vipimo na uhusiano baina ya vitu ndivyo vinavyohitaji mkono wa mtaalamu wa lugha, na mara nyingi dawa ni kugawa upya kazi za maneno yaliyopo, kama mwinamo, pembe, digrii na hesi. Tatu, vitenzi vya kutambua ubovu vikusanywe pamoja na maelezo ya dalili zake, kwa kuwa ndani yake mna elimu ambayo haijaandikwa popote.

Kwa wanafunzi waliopo, kazi ya shambani imejionyesha yenyewe. Mtafiti aende gerejini na daftari, akae pale propela inapotolewa, na aandike kila neno pamoja na kitu kinachoonyeshwa kwa kidole. Mafundi waliojifunza kwa kutazama, kabla karatasi za Kiingereza hazijafika mikononi mwao, wanazeeka, na wanafunzi wao huanza kuchanganya maneno ya karatasi na ya mabwana zao. Aidha, rasimu ya istilahi irudishwe kulekule ilikotoka kabla haijapelekwa kwa mchapaji. Isomwe kwa sauti kwa kijana aliyelala chini ya gari akiwa na spana mkononi. Akiuliza "ipi?", neno hilo halijakamilika, na orodha irudi mezani.